Goodluck Haachi Simu Iite

Mtoto wa dada yangu anaoga na simu. Nalisema hili mapema ili msije mkaniona mwongo huko mbele. Mifuko ya plastiki hapa Kigali ni marufuku, kwa hiyo hakuwa na cha kuifungia isilowe. Alichofanya ni kuchukua kontena la chakula kutoka mgahawani kwangu, lile lenye mfuniko ninalowafungia wateja ndizi na nyama, akaitia simu humo na kuliweka kwenye dirisha la bafu. Povu kichwani, jicho moja limefumbwa, jingine linasoma. Nililitafuta kontena langu wiki nzima, kumbe liko bafuni linailinda WhatsApp.

Mimi ni Eustadia, mwenye mgahawa hapa Gisimenti. Watanzania wa Kigali wakikumbuka kwao huja kwangu kunywa mtori, na Wanyarwanda waliolelewa Bukoba na Karagwe huja kubishana nami kwamba ndizi za kwao zilikuwa bora kuliko za kwetu Machame, halafu wanamaliza sahani. Goodluck ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Ana miaka ishirini na saba, mrefu, mpole, hajawahi kuninyanyulia sauti. Anafanya kazi Remera kwenye ofisi ya kutoa mizigo. Malori yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanaingilia mpaka wa Rusumo, na yeye kazi yake ni kujua kila lori limefika wapi. Hiyo ndiyo kinga yake. Ukimwambia, "Goodluck, weka simu chini ule," anakujibu, "Mama mdogo, ni dereva." Dereva gani huyo anayetuma picha ya keki?

Makundi yote ya mtandaoni yumo. Kundi la watu wa Machame waishio Kigali, kundi la rambirambi, kundi la waliosoma naye, kundi la kwaya aliyoacha kuimba, hata kundi la wapangaji wa nyumba aliyokwisha kuhama, ambako bado anawakumbusha kutoa takataka. Mtu akiandika kwamba ana homa huko Mbeya, pole ya kwanza ni ya Goodluck. Mtu akituma sala ya asubuhi, "Amina" yake inatua kabla sala haijasomwa. Watu wasiowahi kumwona kwa macho hunisifia, eti nina mtoto mwenye utu. Utu anao, sikatai. Ila wao wanaupata utu, mimi niliyeketi naye meza moja napata utosi.

Jumapili moja hasira zilinipanda. Nikampokonya simu, nikaitumbukiza kwenye pipa la unga wa muhogo, nikafunika na kukalia mfuniko. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichukua ndizi nilizompa amenye, akawa anamenya jicho liko kwenye pipa, na mwisho akainuka akamwomba simu mteja asiyemjua kabisa. Akampigia mama yake Moshi.

"Mama, uko salama?"

"Niko salama, kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Nilitaka kujua tu."

Niliondoka juu ya lile pipa bila kuambiwa na mtu.

Kuna jambo ambalo ukoo mzima tunalijua na hakuna anayelitaja. Goodluck alipokuwa chuoni Dar, mchana mmoja alizima simu alale, maana alikuwa amekesha akisoma kwa ajili ya mtihani. Alipoiwasha jioni, baba yake alikuwa ameshafariki. Shemeji alianguka ghafla shambani, na kwa muda ule mfupi aliobaki na kauli alikuwa anamtaka mwanawe. Dada alipiga, akapiga tena, akamwekea mgonjwa simu sikioni, na sauti ikawa inamwambia kwamba namba haipatikani. Dada hakumlaumu kijana hata siku moja. Lakini tangu hapo kila simu inapotikisika, yeye anaona ndiyo ile. Akiifungua akakuta ni mtu anauza viatu, anapata ahueni, na ahueni ni tamu, anaitaka tena. Basi anafungua kundi la pili kuhakikisha na huko nako hakuna aliyekufa, na huko kuna mzaha, chini ya mzaha kuna video, na chini ya video watu wanagombana, na ugali unapoa. Watu wanasema vijana wa siku hizi wamerogwa na mtandao. Huyu wetu anaogopa tu, na woga wake umevaa nguo za mtandao.

Kuangalia simu kulimletea maumivu ya macho, na maumivu ya macho yakamletea mchumba. Alikwenda duka la miwani pale Remera, akapimwa na binti mmoja mcheshi aitwaye Mukunde, naye akamwambia, "Macho yako hayaumwi, yamechoka na kazi unayoyapa." Siku ile ile wakaanza kuandikiana. Mukunde aliniambia baadaye kilichomvuta. "Mama, wanaume wa hapa ukiwaandikia asubuhi wanakujibu kesho yake, na wanajibu 'sawa'. Huyu ananijibu kabla sijamaliza kuandika." Nikamwambia anywe soda yake polepole, maana hajakaa naye mezani bado.

Akaja kukaa naye mezani. Tena mezani kwa baba yake.

Mzee Mutsinzi, baba yake Mukunde, anaishi Kagarama katika nyumba yenye ua wa maua uliokatwa sawasawa. Amezaliwa na kukulia Karagwe, kwenye familia iliyokuwa ukimbizini, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Ana ng'ombe huko Kayonza, na ukimpa nafasi atakueleza kila mmoja na ukoo wake. Siku tuliyoalikwa chakula cha mchana alipewa nafasi. Alikuwa amefika kwa yule mwenye pembe ndefu, kijiko mkononi, pale nilipomwona Goodluck ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Nikamkanyaga mguu. Hakusikia.

Kilichotokea ni hiki. Mtu wa kundi la rambirambi alikuwa amefiwa na babu yake, na Goodluck, chini ya meza, akaandika, "Poleni sana familia. Mzee alikuwa nguzo. Mungu ampumzishe kwa amani." Bahati mbaya Mukunde alikuwa amemwingiza asubuhi ile kwenye kundi la familia yao, na kidole kikatua huko. Simu zote za mezani zikalia pamoja. Ya mama, ya shangazi, za kaka. Kila mtu akasoma, halafu kila mtu akageuza shingo taratibu kumtazama Mzee Mutsinzi.

Mzee akaomba asomewe. Akasomewa. Akaweka kijiko chini.

"Kijana," akasema, "umenizika nikiwa natafuna."

Mimi nilicheka, nisidanganye. Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Lakini mzee hakucheka, na siku ile hatukumsikia yule ng'ombe mwenye pembe ndefu aliishia wapi. Wiki iliyofuata Mukunde alikuja mgahawani macho mekundu. Baba yake amekubali tulete posa, ila ana sharti. Siku hiyo akimwona Goodluck na simu, ng'ombe watarudi walikotoka.

"Anatania," nikasema.

"Mama, kwa mambo ya ng'ombe Baba hatanii."

Goodluck alikuwa amesimama hapo hapo, simu mkononi. Alimtazama Mukunde, akaitazama simu, na nilimwona uso unavyomsinyaa. Huyu binti alimpenda kweli. Siku alipougua malaria, Mukunde alikaa naye na kumsomea ujumbe wote wa makundi kwa sauti, na kujibu "Amina" kwa niaba yake. Mwingine kama huyo utampata wapi?

Sasa nieleze kidogo, kwa wasiojua. Posa ya hapa inaitwa gusaba, na ni mchezo wenye adabu zake. Mnawekwa kwenye mahema mawili yanayotazamana, wageni huku, wenyeji kule, na kila upande una msemaji wake, mzee mwenye fimbo na ulimi. Bwana harusi hasemi neno. Kazi yake ni kukaa wima na kuonekana mtu. Msemaji wa wenyeji kazi yake ni kukataa. Atasema hawana binti wa jina hilo. Atasema alikuwepo, lakini mmechelewa, ameshapewa watu wengine. Atasema yuko ng'ambo kwa masomo. Msemaji wenu anajibu kila uongo kwa uongo mtamu zaidi, watu wanacheka, mwisho ng'ombe wanapokelewa na binti anatolewa. Wenyeji wasipokataa, ujue hawamthamini mtoto wao.

Yote haya nilimweleza baba mkubwa Protas, kaka wa marehemu, aliyekuja kwa basi kutoka Moshi kusimama mahali pa baba. Nilimweleza ndani ya gari, kwa utulivu, kuanzia Gisimenti hadi Kagarama. Protas alinunuliwa simu janja na wanawe mwaka jana, na safari nzima alikuwa ameitoa nje ya dirisha anapiga picha za vilima. "Ndiyo, shemeji," ananijibu. "Nimekusikia, shemeji. Hebu ona barabara ilivyo safi!" Halafu akamgeukia Goodluck na kumwambia vijana wamezidi na masimu.

Tulichelewa, kwa sababu Protas alitaka picha na maua ya mzunguko wa barabara, na kwa kuchelewa tukatozwa faini ya makreti ya soda, ambayo nayo ni sehemu ya mchezo. Msemaji wetu alikuwa Muhire, anayefanya kazi na Goodluck, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, mtu mwenye maneno mengi mpaka wateja wanamkimbia. Aliniona nina wasiwasi, akaniinamia.

"Mama, usiogope. Iko sawa. Ule mzee yao iko nacheza tu. Mimi iko na majibu yake yote hapa," akajigonga kichwani.

Kilichonitia wasiwasi hakikuwa mzee wao. Simu ya Goodluck nilikuwa nayo mimi. Vazi alilofungwa bwana harusi, lile shuka la begani, halina mfuko, na asubuhi nilimfuma anajaribu kuisokomeza kwenye soksi. Nikaichukua. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama mdogo, usiizime. Nakuomba. Iache itetemeke tu."

"Ukiiona tumekwisha. Unajua?"

"Sitaiangalia. Ila Mama akipiga, niambie kwa macho. Mama anajua leo ni nini, hawezi kupiga bila sababu. Akipiga ujue kuna jambo."

Dada yangu hakuweza kusafiri, presha ilimkataza. Alibaki Moshi na majirani, wanasubiri habari njema kwenye kundi la familia. Niliona ombi la kijana ni la haki. Nikaisokomeza simu kifuani, chini ya umushanana wangu wa zambarau, vazi la sherehe la hapa, nikakaa mstari wa mbele kwa heshima zangu zote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mambo yalianza vizuri. Msemaji wa wenyeji, mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, akasema hawamjui Mukunde. Muhire akajibu kwamba sisi tunamjua, ndiye anayetupima macho, na huyu mzee naye angepitia kwake angetuona vizuri. Mahema yote mawili yakacheka. Protas, ambaye Kinyarwanda hakijui, alikuwa anamsumbua jirani yake amtafsirie. Mzee mwembamba akainua fimbo na kukunja uso vizuri kabisa, mwigizaji yule. Akasema kumbe ni Mukunde yule! Basi poleni, mlichelewa, tulishampa familia nyingine, na sasa hivi yuko Kanada. Rudini nyumbani salama.

Jirani akatafsiri. Protas akawa mweupe, kama Mchaga anaweza kuwa mweupe. Nikamwona anachomoa simu, ulimi nje, anabonyeza kwa kidole kimoja. Sikujua anaandika nini. Nilikuja kusoma baadaye, kwa herufi kubwa zote: NDUGU ZANGU TUMEKATALIWA. BINTI AMESHAPEWA WENGINE YUKO KANADA. TUOMBEANE.

Moshi ikawaka moto. Shangazi wa Arusha aliuliza kama mbuzi aliyefungwa kwa ajili ya sherehe afunguliwe. Binamu mmoja alisema alijua tangu mwanzo. Mwingine alikuwa na binti wa kupendekeza, mlokole, mpishi mzuri. Na mtu fulani, bila kusoma, aliandika "Amina".

Mimi wakati ule hayo siyajui. Ninachojua ni kwamba kifua kilianza kutetemeka. Nikakaza uso. Kikatulia, kikaanza tena. Wenyeji waliokaa mbele yangu wakaanza kunitazama, maana mama mzima wa heshima anaruka kidogo kidogo kwenye kiti. Nikajifanya nainama kurekebisha vazi, nikachungulia. Mama Goodluck. Ikakata. Ikaanza tena. Mama Goodluck.

Niliapa moyoni sitamwangalia kijana. Dada ana hasira za karibu, nikajiambia, labda anataka kuuliza nimevaa nini. Lakini macho hayana adabu. Yakaenda yenyewe.

Goodluck aliinuka.

Bwana harusi hainuki. Muhire alikuwa katikati ya uongo wake wa ndege ya Kanada, akaukatiza. Mzee mwembamba akabaki na fimbo hewani. Kule upande wa pili Mzee Mutsinzi aliegemea mbele, na ng'ombe wetu, waliokuwa wamesimama nje ya ua na wachungaji wao, hata wao naona walinyamaza. Muhire akaketi na kushika kichwa. "Basi," akanong'ona, "imekufa. Kazi yote imekufa."

"Mzee," Goodluck akasema kwa Kiswahili, akainamisha kichwa kwa heshima. "Mzee wangu, naomba radhi kwako na kwa wazee wote. Najua nilichoambiwa. Mama yangu anapiga. Baba yangu alipokuwa anakata roho alinitafuta, na mimi nilikuwa nimezima simu nimelala. Alitaka kuniambia kitu. Sitakijua mpaka nakufa. Kama ni kunirudishia ng'ombe, nitaondoka nao, na Mukunde nitamlilia maisha yangu yote. Lakini simu ya Mama siwezi kuiacha iite."

Hajawahi kuyasema yale maneno kwa mtu yeyote. Si kwangu, si kwa mama yake. Ameyasema mbele ya mahema mawili, amevaa shuka. Mimi machozi yalinitoka na wanja ukaharibika, na sikujali.

Mzee Mutsinzi alimwashiria msemaji wake ashushe fimbo. Mkononi alikuwa na glasi ya bia ya mtama, akaiweka chini.

"Kwetu Karagwe," akasema, "tulikuwa na redio moja ya betri. Ndugu zetu walikuwa wametapakaa, Uganda, Burundi, Kongo, hatujui yuko hai nani. Ikifika saa ya matangazo ya vifo, baba yangu anainua mkono, hivi, na hakuna anayetafuna. Mtoto akitafuna anapigwa. Tunasikiliza majina mpaka yaishe. Yakiisha bila jina letu, ndipo tunakula."

Akamtazama kijana.

"Pokea. Ila weka sauti kubwa. Koo mbili zimekaa, hatunong'oni."

Basi ikabidi mimi Eustadia, mbele ya wakwe, niingize mkono kifuani na kupapasa, maana ilikuwa imeteleza mpaka tumboni. Sitaki kulizungumzia hilo. Nikaitoa ikiwa ya moto, nikampa.

"Mama? Mama, uko salama?"

"Niko salama, nina hasira tu!" Sauti ya dada ikajaa hema zima. "Nimesoma alichoandika baba yako mkubwa. Sasa nisikilize. Usilie mbele za watu. Umenisikia? Simama, waage kwa heshima, rudi nyumbani. Mtori upo, nimepika sufuria lile kubwa. Mwanangu halali njaa kwa sababu ya watu wa Kanada."

Waliojua Kiswahili walipasuka kwa kicheko, kisha wakawatafsiria wenzao, na kicheko kikapita hema hadi hema na kurudi. Mzee mwembamba alilazimika kuketi. Protas alikuwa anabonyeza simu yake kwa haraka kuufuta ule ujumbe, na aliufuta kweli, lakini kwenye simu yake tu. Goodluck yeye hakucheka. Alichuchumaa pale pale kwenye majani, ameshika simu kwa mikono miwili, anarudia, "Uko salama. Uko salama, Mama."

Mzee Mutsinzi akavuka uwanja. Mwenye nyumba hauvuki uwanja ule kabla ya mambo kuisha, lakini akauvuka, akanyoosha mkono, na kijana akampa simu.

"Mama, habari za huko? Mimi ndiye mwenye binti."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hatujamkataa. Ule ni mchezo wetu."

"Mchezo gani huo wa kuua watu kwa presha?" dada akasema, kisha akakumbuka anazungumza na nani. "Samahani, mzee wangu. Kwani mwanangu ana kasoro gani?"

"Anapenda simu."

"Hapo simtetei," dada akajibu bila kufikiri, na watu wakacheka tena. "Lakini mzee, nikimpigia huwa anapokea. Nina wengine, wanasema wako bize. Huyu sijawahi kumpigia asipokee."

Mzee Mutsinzi aliitazama ile simu mkononi. Watu walikuwa bado wanacheka na yeye hacheki nao.

"Na mimi nina wengine," akasema polepole. "Mmoja yuko Kanada kweli. Nikiwapigia inaita mpaka inachoka. Anayepokea ni Mukunde peke yake." Akageuka, akamtazama Goodluck pale chini. "Na huyo ndiye mliyekuja kunichukulia."

Muhire, ambaye majibu yote alikuwa nayo kichwani, akakiinamisha kichwa hicho. Nikamwelewa yule mzee, yale masharti yake yote na ukali wake wote wa ng'ombe. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, nilisikia mtu anavuta makamasi.

Goodluck akainuka, akapangusa magoti.

"Mzee," akasema, "ukipiga tutapokea. Yeye akiwa kazini, nipigie mimi. Unimalizie habari za yule mwenye pembe ndefu."

Mzee alimtazama sana. Kisha akamgeukia msemaji wake na kumwambia kwa Kinyarwanda neno moja, na yule mzee mwembamba akainua fimbo na kutangaza kwamba ndege ya Kanada imegeuka, binti ameonekana. Wanawake wakapiga vigelegele. Mukunde akatoka katikati ya dada zake, amenyooka, wanja umemchuruzika kuliko wangu.

Simu haikurudi kwa mwenyewe. Mzee Mutsinzi alirudi nayo kitini kwake na hakuikata. Alikuwa ameishika karibu na mdomo, anamsimulia dada kila kitu. "Sasa ametoka, Mama. Amevaa nyeupe na dhahabu. Anakuja kwenu. Sasa wanapeana mikono. Mwanao huyo, ulimwambia asilie, naye analia mbele ya watu wote."

"Mwache alie, mzee wangu," dada akasema. "Si yuko kwao."